Sikio Linalokula Betri

Nyakanazi haikosi honi. Barabara inayopanda kutoka Kahama hukutana hapo na ile itokayo Kigoma kupitia Kibondo na Kakonko, ikasonga hadi Lusahunga, kisha ikagawanyika: tawi moja la Biharamulo, jingine la Rusumo na Kabanga, kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya mafuta na saruji hupita usiku na mchana. Anayechoma mahindi kando ya lami, kijana wa bodaboda, mwenye mashine ya kusaga, wote huongea kwa sauti ya juu bila kujijua, na wapo wazee ambao hawageuki mpaka uwaguse bega.

Honi ya umeme na shime sikio ya umeme, yaani kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, zilitoka katika kichwa cha mtu mmoja. Miller Reese Hutchison alizaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Alabama, Marekani. Alikuwa na rafiki wa utotoni aliyepoteza usikivu kwa homa, na Hutchison, kijana mhandisi, akajaribu kumtengenezea kifaa kwa kutumia ufundi wa simu, ambayo Alexander Graham Bell alikuwa ameisajili mwaka ule ule wa 1876. Mwaka 1898 akaja na mashine aliyoiita Akouphone, nzito, ya kuwekwa mezani. Akaipunguza, akaipa jina la Acousticon, na mwaka 1902 Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye usikivu wake ulikuwa hafifu kwa miaka mingi, akaitumia katika sherehe za kutawazwa kwa mumewe, Edward wa Saba. Miaka michache baadaye Hutchison huyo huyo akabuni klaxon, honi ya umeme ya magari iliyoingia sokoni mwaka 1908. Inasimuliwa kuwa mwandishi Mark Twain alimtania kwamba ameitengeneza honi ili watu wapasuke masikio, kisha waje kununua kile kifaa chake kingine. Mtu akikaa Nyakanazi wiki moja, utani huo unaanza kuonekana kama mpango wa biashara.

Mwaka huo wa 1902, wakati malkia anasikiliza ibada kwa betri mjini London, Wajerumani walikuwa wanajenga boma lao Biharamulo. Umeme haukuwapo. Mzee aliyepoteza usikivu katika nchi za kale za hapo, Rusubi au Bugufi, alisaidiwa na kiganja chake mwenyewe, akikikunja nyuma ya sikio, na hilo si jambo la kudharau, kwa sababu kiganja kilichokunjwa vizuri hukusanya sauti na kuiongeza kiasi kinachotambulika. Nchi hizo zilijaa ng'ombe wa pembe ndefu, na pembe zilikuwa za kupuliza. Huko Ulaya walikwishaona karne tatu nyuma kwamba pembe ukiigeuza, ncha yake nyembamba ukaiingiza sikioni na mdomo wake mpana ukauelekeza kwa msemaji, inafanya kazi kinyume. Kuanzia mwaka 1800 Frederick Rein akawa anazitengeneza London kwa ajili ya kuuza, za bati, za fedha, za gamba la kobe. Mtunzi wa muziki Beethoven alitengenezewa za kwake na Johann Maelzel, na Mfalme John wa Sita wa Ureno akaundiwa kiti kizima mwaka 1819, mikono yake ikiwa vinywa vya simba vilivyo wazi: raia alipiga magoti mbele ya simba, akasema shida yake, na sauti ikapanda kwa mrija hadi sikioni mwa mfalme. Sijui kama kuna kifaa cha usikivu kilichowahi kudai heshima kubwa kiasi hicho kutoka kwa msemaji.

Pembe haikudai kitu kingine. Haikula betri, haikuharibiwa na vumbi, haikuhitaji fundi. Lakini ilikuwa na kikomo, na kikomo hicho kinatokana na sikio lenyewe.

Sauti inapoingia sikioni hugonga ngoma, ngoma hutikisa vifupa vitatu vidogo, na vifupa husukuma maji yaliyomo ndani ya koklea, kiungo kilichojiviringa kama konokono. Ndani ya koklea zimo seli zenye vinyweleo, takriban elfu kumi na tano katika kila sikio, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme wa kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Kwa hiyo kuna kutosikia kwa njia kuziba, ambako hitilafu iko nje au katikati, kwenye ngoma na vifupa, na kuna kutosikia kwa neva, ambako seli zenyewe zimekwisha. Wa kwanza ukimpigia kelele atasikia na kuelewa. Wa pili anaweza kukujibu, "Usinipigie kelele, nakusikia, ila sielewi unachosema." Nusu ya migogoro ya nyumbani juu ya kifaa kisichofanya kazi inaanzia hapo.

Mkoa wa Kagera, ilimo Nyakanazi, umekuwa na sababu zote mbili kwa wingi. Watoto wenye masikio yanayotoa usaha mwaka hadi mwaka, mpaka ngoma ikatoboka, ni wa kundi la kwanza. Kundi la pili lililetwa na surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, na wakati mwingine dawa zilizookoa maisha ya mgonjwa. Kwinini ikizidi, masikio huvuma. Kwa wengi uvumi huo huisha dozi inapoisha, na katika miaka ya 2010 sindano ya artesunate ilichukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali. Streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilikuwa dawa ya kwanza kuitiisha kifua kikuu, na madaktari waligundua mapema kwamba inaharibu sikio la ndani, hasa mizani ya mwili, na usikivu pia. Ndugu yake, kanamaisini, ilikuwa kali zaidi kwa masikio. Ilitumika kwa kifua kikuu sugu, ugonjwa ambao Tanzania ilianza kuutibu mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri sindano hizo ziachwe, zitumike dawa za kumeza. Watu waliotibiwa kabla ya hapo walipona mapafu, na baadhi yao wakarudi makwao wakiwa wanasoma midomo.

Sasa turudi kwenye mashine, maana hadithi yake ya kweli ni ya kile inachokula.

Acousticon ya malkia ilitumia punje za kaboni, kama simu za zamani. Ilikoroma, ilipasua maneno, na iliongeza sauti kidogo tu. Mwaka 1920 Earl Hanson alitumia valvu za kioo kwa mara ya kwanza katika kifaa cha usikivu, na hapo nguvu ikapatikana kweli kweli, lakini kwa gharama: valvu ilihitaji betri mbili, moja ya kuipasha moto na nyingine ya volti nyingi za kuvuta umeme. Mtu alitembea na kisanduku kifuani na furushi la betri kiunoni au pajani. Hata baada ya valvu kupunguzwa ukubwa, betri hazikukubali kupungua. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya bure Julai 1948, ilianza pia kugawa kifaa kiitwacho Medresco, cha valvu, chenye pakiti ya betri pembeni. Kilikuwa kizito na hakikupendeza, lakini kilikuwa kifaa cha kwanza kutolewa kwa raia kwa maelfu bila malipo. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza hiyo hiyo, haikuwa na utaratibu wa namna hiyo.

Mwaka wa Medresco, transista ilikuwa na miezi michache tu tangu izaliwe katika maabara za Bell. Bidhaa ya kwanza ya kibiashara kuitumia ilikuwa shime sikio. Sonotone 1010 iliuzwa kuanzia mwisho wa 1952 kwa dola 229.50, redio ya transista ikaja nyuma yake. Maabara za Bell zilisamehe ada ya hataza kwa watengenezaji wa vifaa vya usikivu, kwa kumbukumbu ya Bell, ambaye mama yake na mke wake wote walikuwa viziwi. Jack Kilby, aliyekuja kuvumbua saketi unganishi mwaka 1958, alikuwa amejifunzia ufundi huo kiwandani akiunda vikuza sauti vya kusikilizia, na saketi hiyo nayo ilipoingia sokoni kwa watu wa kawaida mwaka 1964, iliingia ndani ya shime sikio. Kwa hiyo tukisema kompyuta imetusaidia kutengeneza vifaa vya viziwi, tumeanzia katikati ya hadithi.

Transista ikafuta ile betri ya volti nyingi. Kikabaki kisanduku cha mfukoni, waya mmoja hadi sikioni, na betri moja ya kalamu, ile ile ya redio ndogo na tochi. Hapo ndipo mashine hii ilipoweza kuishi Afrika Mashariki.

Kenya iliunda chama cha watoto viziwi mwaka 1958 na shule za Nyang'oma na Mumias zikafunguliwa 1961. Uganda ilikuwa imeanza Kampala mwaka 1959. Tanganyika ilipata shule yake ya kwanza ya viziwi Tabora mwaka 1963, ikianzishwa na Kanisa Katoliki. Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata 1974. Kwa mzazi wa Biharamulo au Ngara mwenye mtoto kiziwi katika miaka ya 1960, shule ilikuwa Tabora, na kwenda Tabora kulikuwa kumuaga mtoto kwa muhula mzima. Shule hizo zilianza kwa njia ya mdomo: mtoto avishwe kifaa kifuani kwa mikanda, asikilize masalia ya sauti aliyobaki nayo, atazame midomo ya mwalimu, aseme. Mikono ikae kimya. Kisanduku cha kifuani kilifaa kwa darasa kama hilo. Kilikuwa na nguvu, vitufe vyake vilikuwa vikubwa vya kutosha vidole vya mtoto, kilianguka kikaokotwa. Kasoro yake kubwa ilikuwa nguo: maikrofoni ikiwa kifuani, kila mtoto anapogeuka shati husugua, na yeye husikia msuguo huo kabla ya kusikia jina lake.

Betri ilipatikana. Dar es Salaam, kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianza kutengeneza betri za National miaka ya 1960, na Nakuru, Kenya, kiwanda cha Eveready kilifunguliwa 1967. Duka lililouza chumvi, sabuni na viberiti liliuza na betri, kwa sababu kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na redio. Hakuna aliyepanga mgawanyo huo kwa ajili ya viziwi. Walipanda gari la redio, na safari yao ikawa nzuri. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, wakati kisanduku cha kifuani nacho kilikuwa karibu kimetoweka.

Redio hiyo hiyo iliwaacha nyuma kwa njia nyingine. Tanzania ya miaka ile ilijengwa kwa masikio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya afya, kuanzia vyoo hadi malaria. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitangaza kupitia redio kwamba nchi itapigana kuyaondoa majeshi ya Idi Amin katika ardhi ya Kagera, na watu walikaa kando ya redio hadi vita ilipokwisha mwaka uliofuata. Kwa asiyesikia, vita ilifika kwa kuona majirani wakifunga mizigo. Katika vita hiyo yalifyatuliwa makombora ya BM-21, ambayo watu wa Uganda waliyaita Saba Saba. Mlipuko unaozidi desibeli 140 unaweza kuua seli za sikio kwa mara moja, bila kusubiri miaka ya kelele kazini, na silaha nzito hupita hapo kwa urahisi.

Si kila sikio lilisubiri mashine. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, jimbo lile lile la Hutchison, alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 11. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet, na mwaka 1957 akafungua shule Ghana. Kabla ya kufa alikuwa ameanzisha shule 32 katika nchi 13 za Afrika, ikiwamo Kongo jirani, akifundisha kwa mikono kule ambako wengine walikuwa wakifunga mikono. Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda kuelekea Kenya ilianguka Rwanda, karibu na Gisenyi, akafa. Hoja yake ilikuwa rahisi kwa mtu aliyeishi hali hiyo: pale ambapo seli zimekwisha kabisa, kuongeza sauti ni kuongeza kelele isiyo na maana, na mtoto anazeeka akisubiri kusikia badala ya kujifunza. Tanzania ilifika huko polepole. Chama cha Viziwi, CHAVITA, kilianza katika miaka ya 1980, shule zikaanza kuchanganya mikono na mdomo, na mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akatoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Mkoa wa Kagera nao una shule yake ya viziwi, Mugeza, mjini Bukoba, kwa hiyo mzazi wa Nyakanazi hakulazimika tena kuangalia kusini hadi Tabora.

Wakati huo kisanduku kilikuwa kimepanda kutoka kifuani hadi nyuma ya sikio. Aina hii, iliyoanza katikati ya miaka ya 1950, imeenea sana hadi leo: ganda dogo lililopinda nyuma ya sikio, mrija laini, na moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja na hakuna mwingine. Baadaye zikaja za kujaza bakuli la sikio, kisha za ndani ya tundu. Rais Ronald Reagan alipoonekana amevaa moja mwaka 1983, mauzo Marekani yalipanda. Katika miaka ya 2000 ikaja nyembamba zaidi, spika yake ikakaa ndani ya tundu lenyewe na waya mwembamba kama unywele ukaiunganisha na ganda.

Muuzaji atakueleza tofauti zao kwa ukubwa na kwa jinsi zinavyojificha. Mimi ningeanza na betri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vifaa hivi vidogo hutumia betri za zinki na hewa. Kila moja ina kibandiko juu, ukikibandua hewa huingia, na kuanzia hapo betri inakufa, uitumie usiitumie. Rangi ya kibandiko inaonyesha saizi: njano ni namba 10, kwa vifaa vinavyojificha tunduni, na hudumu siku tatu hadi saba; kahawia ni 312; machungwa ni 13, wiki moja hadi mbili; buluu ni 675, kwa vifaa vyenye nguvu, na yaweza kufika siku ishirini. Kifaa kinavyozidi kufichika ndivyo betri inavyozidi kuwa ndogo, na ndivyo mwenyewe anavyorudi dukani mara nyingi zaidi. Lakini duka gani? Duka la Nyakanazi linalouza betri za rimoti haliuzi za kibandiko cha njano. Betri hiyo iko kwenye kliniki ya mji mkubwa, na nauli ya kuifuata inaizidi bei mara nyingi. Mwenye kisanduku cha kifuani cha mwaka 1975 alikuwa karibu na betri yake kuliko mwenye kifaa kisichoonekana cha leo.

Kuna aina nyingine ambayo ingestahili kujulikana zaidi katika nchi yenye masikio mengi ya usaha. Moldi huziba tundu, na sikio linalovuja likizibwa huoza zaidi. Kwa mtu wa namna hiyo, ambaye koklea yake ni nzima, sauti inaweza kupitishwa kwenye mfupa: kitikisio hukandamizwa nyuma ya sikio kwa utepe wa kichwa, fuvu hutikisika, koklea husikia bila kupitia mlangoni. Mwaka 1977 huko Göteborg, Sweden, Anders Tjellström, akitumia ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark kwamba titani huota pamoja na mfupa, aliwawekea wagonjwa wa kwanza skrubu ya kudumu fuvuni ya kushikilia kitikisio hicho. Utepe hauhitaji upasuaji, na tundu linabaki wazi lipate kutibiwa.

Mwaka 1996 kampuni ya Denmark, Widex, ilitoa Senso, kifaa cha sikioni kilichofanya kazi yote kwa dijiti. Kabla ya hapo vifaa vingi vilipandisha kila kitu kwa pamoja, honi ikapanda sambamba na salamu. Dijiti iligawa sauti katika vipande, ikapandisha herufi nyepesi kama s na f, zinazopotea kwanza kwa wazee, ikabana mngurumo wa injini, ikazima ule mluzi unaotoka pale moldi isipokaa sawa. Lazima ipangwe kwa kompyuta kulingana na kipimo cha mtu husika. Ndiyo sababu vile vikuza sauti vya bei nafuu vinavyouzwa mitandaoni na kwenye meza za mnadani, aina moja kwa kila mtu, ni kurudi kabla ya 1996. Kwa mzee ambaye tatizo lake ni dogo vinaweza kumsaidia. Kwa mwenye masalia machache ya seli vinaweza kummalizia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vifaa vya usikivu kwa nchi zinazoendelea mwaka 2001, likasisitiza kuwa kifaa bila moldi, betri na mtu wa kukifuatilia si huduma. Misafara ya hisani imeendelea kuja Afrika Mashariki ikigawa mamia ya vifaa kwa siku mbili tatu, na picha zake ni nzuri: mtoto anasikia sauti ya mama, mama analia. Sipuuzi machozi hayo. Ila sikio la mtoto hukua, moldi yake hubana au hulegea ndani ya miezi, ikaanza kupiga mluzi, na mtoto akakivua kifaa darasani kwa sababu wenzake wanamcheka.

Jibu moja la Kiafrika lilitoka Otse, Botswana, ambako mradi wa Godisa, uliowaajiri mafundi viziwi, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuunda shime sikio pamoja na chaja ya jua na betri ndogo za kuchajiwa za saizi zile zile za kibandiko. Betri moja ikawa ya miaka, si ya wiki. Makampuni makubwa yalikuja baadaye na vifaa vya lithiamu vinavyolazwa usiku kwenye kisanduku cha chaja, kama simu. Hapo umeme ukarudi kuwa swali la kwanza, na Nyakanazi, kwa bahati, iko katikati ya jibu. Njia ya msongo wa kilovoti 220 imefika hapo kutoka Geita, nyingine inatoka kwenye maporomoko ya Rusumo, mtambo wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, na kutoka Nyakanazi umeme wa gridi ulisogezwa hadi Kigoma mwaka 2022, mkoa ambao ulikuwa umeishi kwa jenereta. 

Kwa wale ambao koklea imekufa kabisa, kazi ya kuipita ilianza Paris mwaka 1957, kwa André Djourno na Charles Eyriès, ikaendelezwa na William House huko Los Angeles kuanzia 1961, na Graeme Clark mjini Melbourne mwaka 1978 akapandikiza kifaa chenye njia nyingi za umeme kilichofungua mlango wa kuelewa maneno. Serikali ya Tanzania ilikuwa ikiwapeleka watoto India kwa upasuaji huo, mpaka Juni 2017 hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipoufanya yenyewe kwa mara ya kwanza. Upasuaji ni saa chache. Kazi inayobaki ni miaka ya kurudi kliniki kurekebishiwa viwango na kumfundisha mtoto maana ya sauti, na Muhimbili iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Nyakanazi. Kwa vipimo na moldi, hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ni karibu zaidi, na tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi limeondoa foleni ya kivuko njiani.

Aliyepandikizwa naye huvaa ganda nyuma ya sikio, lenye maikrofoni na sumaku ya kushika kichwani, kwa sababu waya ulio ndani ya koklea hauna umeme wake wenyewe. Maganda mengine ni ya kuchaji. Mengine yanatumia betri za 675 zilizoongezwa nguvu, kwa hiyo hata kifaa hiki cha bei kubwa kuliko vyote kikizima asubuhi, mzazi huanza kwa kuitafuta ile pakiti yenye vibandiko.